Njegere ya Mkono wa Kulia

Mkuu mpya wa chuo alilisema jambo lile kama mtu anayeagiza meza ihamishwe chumba. Amri imetoka juu, alisema, mifupa ya watu halisi haitafundishiwa tena. Mgeni atazikwa Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, na mtunza stoo atatia sahihi kwamba mifupa yote imo.

"Mia mbili na sita, si ndiyo, mzee?"

"Ndiyo, Mkuu. Mia mbili na sita."

Mtunza stoo alitoka nje akashika nguzo ya baraza. Mifupa haikuwa mia mbili na sita. Ilikuwa mia mbili na mitano. Mmoja ulikuwa nyumbani kwake, ndani ya kopo la mafuta ya nywele, na mkewe aliushika kila siku iendayo kwa Mungu akiamini kwamba ni kokoto. Aliyemwambia ni kokoto ni yeye mwenyewe.

Mgeni lilikuwa jina ambalo chuo kizima kiliuita ule mwili wa mifupa. Ulifika ndani ya sanduku la mbao kabla mtunza stoo hajaajiriwa, na hakuna aliyejua ulikuwa wa nani. Vizazi vya wauguzi na matabibu vilijifunzia juu yake, kuanzia utosini hadi kwenye ncha za vidole vya miguu. Aliyempa jina hilo alikuwa mwalimu wa kwanza wa somo la mwili, mtu mrefu, mkavu, aliyetembea na fimbo ambayo haikumpiga mtu hata siku moja. Siku alipomwajiri kijana wa miaka kumi na tisa afagie darasa, jambo la kwanza alilomwonyesha lilikuwa lile sanduku, si ufagio.

"Unamwona huyu? Huyu si kifaa. Ni mtu amekuja kutufundisha na hajadai chochote. Siku akiondoka hapa nataka aondoke kamili kama alivyokuja. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Akasikia kweli. Na kwa kuwa ufagio hauzibi masikio, akasikia na mengine. Alifagia nyuma ya darasa huku mwalimu akifundisha mbele, na maneno yakamwingia moja moja: mtulinga, ule mfupa unaokatiza chini ya shingo, kidari, pale mbavu zinapokutana kifuani, kombe la bega, fupapaja, lililo refu kuliko yote, pia ya goti, muundi, kifandugu, kile kimkia tunachokikalia bila kukishukuru. Hakusoma zaidi ya darasa la nne. Lakini jioni akirudi kwao aliyarudia maneno yale njiani kwa sauti, na watu wakampisha, wakidhani kichwa chake kina hitilafu.

Mwalimu yule alikuwa na mfuko. Ulikuwa mfuko wa kitambaa cheusi, mdomo wake umetiwa kamba, nao ndio uliokuwa mtihani wa mwisho. Mwanafunzi alitumbukiza mkono bila kuona ndani, akashika mfupa mmoja, akataja jina lake, upande wake, na mfupa unaoungana nao. Hakuna aliyevaa sare nyeupe ya wodini kabla ya kupita kwenye mfuko.

"Fupapaja," mmoja alisema siku moja, jasho likimtiririka kisogoni.

"La upande gani?"

"La... la katikati, Mwalimu."

"La katikati! Jamani, mwenzenu ana miguu mitatu. Nani anamshonea suruali?"

Darasa lilicheka hadi madirisha yakatetemeka. Yule kijana akarudi kusoma mwezi mzima, na baadaye akawa tabibu ambaye angekugusa nyonga mara moja tu akajua imeteguka wapi. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu alichekwa, akajifunza, akawa mtu.

Mwaka wa sita wa kufagia, mwalimu alimwita kutoka dirishani alikokuwa anafuta vioo. "Wewe wa ufagio, hebu njoo." Ndani ya mfuko alikuwa ametia vile vifupa vinane vya kifundo cha mkono, vidogo kama changarawe, vinavyowatoa machozi hata waliosoma. Watu wa kawaida hawana majina yake, kwa hiyo mwalimu alivipa majina kwa maumbo yake: mashua, mwezi, pembetatu, na wenzake. Kidogo kuliko vyote kiliitwa njegere, kwa sababu kilikuwa kama njegere iliyokauka, upande mmoja mviringo, upande mmoja bapa.

Kijana wa ufagio akavitoa kimoja kimoja, akavitaja vyote vinane, na cha nane akasema, "Hii njegere, ya kulia."

Mwalimu akaufunga mfuko kwa kamba yake. "Kuanzia kesho ufagio ashike mwingine," akasema.

Hivyo akawa mtunza stoo, na stoo ile akaitunza kwa miaka arobaini na moja. Mwalimu alizeeka akafa. Walikuja wengine baada yake, kila mmoja na haraka kuliko aliyemtangulia, hadi mfuko ukatundikwa msumarini ukawa nyumba ya buibui. Leo mwanafunzi anafunguliwa picha kwenye kioo, anaigeuza kwa kidole kimoja, anasema ameuona mwili. Mtulinga anauita "huu mfupa wa hapa juu". Ukimuuliza upande, anakutazama kama umemtukana mama yake. Hao ndio watakaotushika tukivunjika.

Lakini kabla ya mfuko kufa, alipita Kitinda.

Kitinda alikuwa binti wa mwisho wa mtunza stoo, na jina lenyewe lilitokana na hilo. Aliingia chuoni kwa alama zake, hakubebwa na mtu. Siku ya kwanza alifika dirishani pa stoo na wenzake, uso mkavu kabisa.

"Shikamoo, mzee wa stoo."

"Marahaba, mwanafunzi. Jina?"

"Nimesahau, mzee. Kamuulize mama."

Wenzake wakashika vinywa. Jioni nyumbani mama yake aliposimuliwa, alicheka hadi akalazimika kukaa chini.

Kulikuwa na utaratibu wa kuazima mifupa. Mwisho wa wiki mwanafunzi alichukua boksi moja, la mguu au la mkono au la mbavu, akaacha kitambulisho chake kikining'inia kwenye ubao wa misumari. Jumatatu alirudisha boksi, mtunza stoo akahesabu, kitambulisho kikashuka. Mfupa ukipungua hata mmoja, jina la mhusika lilisomwa mbele ya chuo kizima: fulani amempunguza Mgeni. Hakuna fimbo iliyouma kama sentensi hiyo. Watu wazima walilia.

Mwaka wa pili wakafika kwenye moyo. Kitinda alirudi nyumbani siku hiyo akiwa kimya, akala kidogo, kisha akatoa kile kipimo cha masikioni akakiweka kifuani mwake mwenyewe. Alisikiliza muda mrefu.

"Moyo una vyumba vinne," akawaambia wazazi wake, kama anayefundisha. "Na kati ya vyumba kuna milango, inaitwa vali. Damu ikipita, mlango unafunga nyuma yake. Wangu mmoja haufungi vizuri. Damu ikisukumwa mbele, nyingine inarudi nyuma. Inasikika. Inanong'ona."

"Si mlango tu?" mama yake akasema. "Mlango si una bawaba? Waurekebishe."

"Bawaba zake ziko ndani, mama."

Madaktari walisema vilevile alivyosema yeye, ila kwa maneno marefu zaidi. Aliandikwa kwenye foleni ya kufanyiwa upasuaji, na foleni ilikuwa ndefu. Miguu ikaanza kuvimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Kisha mapafu yakaanza kujaa maji. Mtunza stoo aliyajua majina yote ya mambo yaliyokuwa yanamuua mwanawe, na hakuwahi kuchukia kujua neno kama alivyochukia wakati ule.

Hata hivyo Kitinda aliazima boksi la mkono wa kulia. Alikuwa anajiandaa kwa mfuko. Alitembea na njegere mfukoni mwa sare, akiizungusha kwa vidole anapokwenda darasani, anapokaa barazani, anapohema. "Nataka nikiigusa tu niijue, baba, kama wewe." Alifariki Jumamosi alasiri, na boksi lilikuwa bado chini ya kitanda.

Siku ya tatu baada ya maziko, mama yake alikuwa anafua. Akaja kutoka uani na povu likimchuruzika viwikoni, kiganja kimefunguka.

"Baba Kitinda, hiki nini? Kilikuwa mfukoni mwake."

Alijua kabla hajakigusa. Angeweza kusema. Lakini aliona mbele ya macho yake Jumatatu, chuo kizima kimesimama, na jina la marehemu linasomwa: amempunguza Mgeni. Na aliona uso wa mkewe ukiambiwa kwamba ameshika mfupa wa maiti. Akasema jambo jepesi kuliko yote yaliyokuwa karibu na ulimi.

"Kokoto tu hilo."

"Alikuwa analipenda?"

"Alikuwa analichezea, ndiyo."

Mkewe akafunga kiganja. Hakukifungua tena mbele yake siku hiyo. Jumatatu mtunza stoo alirudisha boksi likiwa na mifupa ishirini na sita badala ya ishirini na saba, akakishusha kitambulisho cha binti yake kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyehesabu baada yake, kwa sababu mhesabuji alikuwa yeye.

Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Mama Kitinda aliliweka lile kokoto kwenye kopo la mafuta ya nywele aliyokuwa akitumia binti yake. Asubuhi kabla hajazungumza na mtu alilitoa, akalizungusha kwa vidole, akaliweka shavuni, wakati mwingine mdomoni kidogo. Lilikuwa limeng'aa kama limepakwa nta. Watoto wao wengine watatu, walio mbali na familia zao, walikuwa wamezoea kumsikia kwenye simu akisema, "Subirini, nimeshika jiwe la mdogo wenu." Mtunza stoo alijifunza kutazama pembeni.

Sasa amri ilikuwa imetoka, na siku zilikuwa nane.

Siku ya kwanza alijaribu kumwambia. Alianza mbali, kwenye habari za chuo.

"Wanamzika Mgeni."

"Afadhali. Maskini, amekaa sandukuni miaka yote hiyo."

"Ni lazima awe kamili."

"Sasa awe pungufu kwa nini? Si una macho wewe?"

Akakohoa, akaomba maji. Siku ya pili alianza tena, akamkuta amelala ubavu, kopo kifuani, amesinzia mchana kama mtoto. Akatoka nje. Mtu aliyewaonya wanafunzi kwa miaka arobaini kwamba kunyamaza ndiko kunakoua wagonjwa, alikosa pumzi ya kusema neno moja kwa mke wake.

Basi akafanya kile ambacho mikono yake ilikiweza. Kwenye rundo la kokoto nje ya lango la chuo alichagua jiwe moja jeupe, dogo. Alilisugua kwenye jiwe la kunolea visu siku nne, likawa mviringo, kisha upande mmoja akaufanya bapa. Alilichemsha kwenye majani ya chai mpaka likapata rangi ya mfupa wa zamani, akalipaka mafuta, akalisugua kwa kitambaa mpaka likang'aa. Akaweka jiwe kiganja hiki, njegere kiganja kile, na kwa macho hata yeye ilimbidi atazame mara mbili. Alhamisi asubuhi, mkewe akiwa anaanika nguo, alifungua kopo akabadilisha.

Ijumaa waliokuja kumzika Mgeni walikuwa wachache: Mkuu, bwana afya na karatasi zake, wachimbaji wawili, na wanafunzi waliokuwa wanapita wakasimama kidogo wakaondoka. Shimo lilikuwa nyuma ya maabara. Mtunza stoo alishuka na sanduku mwenyewe, akatandika shuka, akaanza kumpanga. Fuvu kwanza, lenye vile vifupa vitatu vitatu vya masikio vilivyobaki ndani yake, kisha taya, pingili za shingo saba, za mgongo kumi na mbili, za kiuno tano.

"Mzee," Mkuu aliita kutoka juu, akitazama saa, "si umimine tu? Ni udongo utafunika."

"Mtu hamiminwi, Mkuu."

Mchimbaji mmoja akaguna. "Huyu mzee akimaliza vidole vya miguu na sisi tutakuwa tayari kuzikwa."

Alipanga mbavu ishirini na nne, kila moja upande wake. Alifika kwenye mkono wa kulia, akaweka vile vifupa saba, na cha nane akakitoa mfukoni. Kilikuwa na joto. Alikishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, hadi bwana afya akauliza, "Vyote vipo?"

"Vyote vipo," akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ilikuwa kweli. Akatia sahihi. Darasani, Mgeni wa plastiki alikuwa tayari ametundikwa kwa skrubu, na vifundo vyake vya mikono vilikuwa donge moja moja lisiloweza kupotea wala kuazimwa.

Alifika nyumbani adhuhuri. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kopo limefunguliwa mapajani.

"Baba Kitinda, nani ameingia humu ndani?"

"Kwani kuna nini?"

"Hili silo."

"Silo vipi? Jiwe si jiwe tu, mama—"

"Usinifanye mtoto." Hakupandisha sauti. "Hili lina baridi. Tangu jana nimelishika, nimelilalia, bado lina baridi. Langu lilikuwa linapata joto hapo hapo, kama lilikuwa linanisubiri."

Alikuwa amefikiria rangi, ukubwa, uso bapa, hata ule mng'ao. Joto hakulifikiria. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea fremu ya mlango, akamwambia. Alimwambia kuhusu boksi, mfuko, ubao wa misumari, jina ambalo hakutaka lisomwe. Alimwambia kuhusu shimo la asubuhi ile.

"Mfupa wa mtu," mkewe akasema.

"Wa mtu."

"Miaka kumi na moja nalala nao chini ya mto."

"Ndiyo."

Alingoja kelele. Hazikuja. Mkewe alikuwa anatazama barabarani, mtaa ukiendelea na mambo yake.

"Mwanamume au mwanamke?"

Katika miaka arobaini na moja, wanafunzi walikuwa wamelijibu swali hilo kwenye mitihani kwa kupima nyonga. Hakuna aliyewahi kuliuliza hivyo.

"Mwanamume."

"Mzee?"

"Hapana. Ishirini na kitu. Ncha ya mtulinga wake, ile ya upande wa kidari, haikuwa imemaliza kukomaa."

"Kumbe mtoto." Akafunga kopo, akalifungua tena. "Kumbe mtoto wa watu. Na mama yake alikuwa anamtafuta."

"Sijui, Mama Kitinda. Hakuna anayejua."

"Ungeniambia."

"Niliogopa utakataa."

"Nikatae nini? Ningekupa." Hapo ndipo sauti ilipopasuka. "Ningekupa kwa mkono wangu huu. Ningekwenda na wewe, nikashuka humo shimoni nikamwekea mwenyewe. Wewe umeniibia kama mtu aliyekuta mlango wazi. Sasa mimi nishike nini?"

Akatafuta jibu pale alipozoea kutafuta, kwenye mifupa.

"Kila mtu anayo," akasema. "Hata wewe. Hata mimi. Iko hapa, kwenye mkono. Lete nikuonyeshe."

Akanyoosha mkono. Mkewe akauvuta wake, akaupeleka nyuma ya mgongo kama mtu aliyenyooshewa kitu cha moto. Akainuka, akalitupa lile jiwe la chai uani, wala hakutazama lilikoangukia. Akaingia ndani akakaa kitandani kwa Kitinda.

Mtunza stoo alibaki pale sakafuni. Kupitia mlango aliweza kumwona akiwa amekigeuza kiganja cha kulia juu, na kwa kidole cha mkono mwingine anabonyeza, polepole, chini ya dole gumba, kisha katikati, kisha juu zaidi kwenye mshipa. Alikuwa anatafuta mahali sipo. Ilikuwa ni kusogea kidogo tu, upande wa kidole cha mwisho, pale kiganja kinapoanzia. Aliendelea kubonyeza, na hakumuuliza mumewe.